Tozo ilijenga madarasa, chaki nani ananunua?

MWAJUMA: Karibu tena, msikilizaji. Leo ni kodi na shule zetu za msingi hapa Tanzania. Elia, tuanze na tozo.

ELIA: Tozo ya miamala ya simu ilianza 15 Julai 2021, kati ya shilingi 10 na 10,000 kwa muamala. Kelele zikawa nyingi, Septemba ikapunguzwa asilimia 30. Julai 2023 ile ya kutuma ikafutwa, ya kutoa ikabaki.

MWAJUMA: Na sehemu yake ilikwenda shuleni. Maboma 560 ya madarasa yalitengewa bilioni 7, yaani milioni 12.5 kila moja. Sasa anayesema waliolalamika hawaitaki shule anawakosea. Ndio hao hao waliochimba msingi, wakafyatua tofali, wakapandisha boma mpaka lenta, bati likawashinda. Walichokataa ni kukatwa juu ya kukatwa: mshahara umeshatolewa PAYE, yaani kodi ya mapato, ukimtumia mama kijijini unakatwa, naye akienda kwa wakala kutoa anakatwa tena.

ELIA: Hapo niko na wewe, dada. Lakini tozo ilijenga ukuta. Darasa likishafunguliwa linaendeshwa na ruzuku, na ruzuku ndiyo hatuizungumzi. Tangu elimu bila ada ianze Januari 2016, mtoto wa msingi anahesabiwa 10,000 kwa mwaka. Hapo 4,000 hubaki serikalini kwa ajili ya vitabu, 6,000 inaingia akaunti ya shule. Gawa kwa miezi 12: shilingi 500.

MWAJUMA: Shule ya watoto 800 inapata laki nne kwa mwezi.

ELIA: Ipe hiyo shule jaribio moja la mwezi. Masomo sita, karatasi mbili kila somo: ni karatasi 9,600, rimu 20. Rimu ukiipata kwa 12,000, umetumia 240,000 na wino hujanunua. Iliyobaki, 160,000, ndiyo chaki, umeme, dawa ya kusafishia choo, na kitasa kilichovunjika. Dawati likikatika mguu linasubiri.

MWAJUMA: Na hiyo 10,000 ni ya tangu MMEM, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, mwaka 2002, ilipopangwa kuwa sawa na dola 10. Leo dola moja inapita 2,400, kwa hiyo mtoto anapata kama dola nne. Pengo hilo analiziba mzazi: mlinzi, maji, fotokopi. Waraka wa elimu namba 3 wa 2016 unasema mchango ni hiari na mtoto asirudishwe nyumbani kwa sababu yake. Mzazi akiona jina la mwanawe kwenye orodha ya wasiochangia, hiari iko wapi?

ELIA: Kuna wanaosema kodi ya majengo inayokatwa kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla, ibaki kwa shule za kata husika.

MWAJUMA: Siungi mkono kabisa. Nyumba ya kawaida inakatwa 1,500 kwa mwezi. Kata ya maghorofa itaogelea kwenye pesa, kijiji ambacho nusu ya nyumba hazina mita kitaambulia nini? Halafu mjini anayenunua umeme mara nyingi ni mpangaji, mwenye nyumba hata habari hana. Ruzuku itoke mfuko mkuu wa serikali, igawiwe kwa kichwa cha mtoto, ipande angalau ifike 25,000. Kodi mpya isianzishwe kabla ya hapo.

ELIA: Na hata hii ndogo inapotea njiani kwa takwimu. Hazina hulipa kwa idadi iliyomo kwenye mfumo. Watoto 60 wakiandikishwa Januari na mwalimu mkuu asihuishe idadi hiyo, shule inakosa 30,000 kila mwezi.

MWAJUMA: Mzazi ashike nini, basi?

ELIA: Aende kwenye ubao wa matangazo wa shule. Asome tarehe pesa ilipoingia, kiasi, matumizi na salio. Kiasi agawe kwa idadi ya watoto. Isipofika 500, aulize kwenye kikao, na swali lake liandikwe kwenye muhtasari. Idadi yenyewe aichukue kwa walimu wa darasa, kwenye daftari la mahudhurio, si ile iliyobandikwa ofisini mwaka jana.