Sindano si Mbu: Njia ya Maambukizi na Ukali wa Malaria kwa Panya wa Maabara

Ndugu wasikilizaji,

Maabara nyingi huwaambukiza panya malaria kwa sindano. Damu ya panya mgonjwa hudungwa tumboni mwa panya mzima, na baada ya siku chache tone la damu kutoka ncha ya mkia, likipakwa kwenye kioo na kutiwa rangi ya Giemsa, huonyesha vimelea vikiwa ndani ya seli nyekundu. Njia hii ni rahisi, nami siilaumu kwa urahisi wake. Ninachohoji ni kama ugonjwa huo ndio ule unaoletwa na mbu.

Mbu hutema sporozoiti, yaani vimelea katika hatua inayoambukiza, ngozini pamoja na mate yake, nazo huingia kwenye ini, ambako katika malaria ya panya hukomaa kwa takriban siku mbili kabla ya kizazi chake kuvamia damu. Sindano huziruka hatua zote hizo. Plasmodium berghei, kimelea cha malaria ya panya kilichogunduliwa na watafiti Vincke na Lips huko Katanga, Kongo, mwaka 1948, kimehamishwa kwa sindano kutoka panya hadi panya mara nyingi kiasi kwamba baadhi ya nasaba zake hazitoi tena gametositi, yaani hatua ile anayoihitaji mbu.

Mwaka 2013, Philip Spence, Jean Langhorne na wenzao walichapisha utafiti kuhusu Plasmodium chabaudi, kimelea kingine cha malaria ya panya, ambao, kwa maoni yangu, ndio ulio wazi kuliko yote. Vimelea vilivyozungushwa kwa damu pekee viliongezeka kwa kasi na kuwaumiza panya sana, ilhali vya asili ileile, vikishapitia kwa mbu, vilisababisha ugonjwa hafifu. Mtu angedhani ini ndilo lililopunguza makali. Hata hivyo, damu ya panya walioambukizwa na mbu ilipodungwa moja kwa moja kwa panya wengine, bila ini kuhusika, ugonjwa ulibaki hafifu vilevile. Kupitia kwa mbu kulikuwa kumebadilisha utendaji wa jeni za kimelea chenyewe, zikiwemo zile za pir, familia kubwa ya jeni za kimelea zinazofanana, na kinga ya panya ikaitikia kwa namna nyingine.

Kwa hiyo ripoti inayosema tu kwamba panya “waliambukizwa” haijatuambia jambo la msingi, hasa inapopima chanjo. Baadhi ya watafiti sasa hugandisha damu ya panya walioumwa na mbu, ili sindano, ikibidi kutumika, ibebe vimelea vilivyotoka kwa mbu hivi karibuni.