Foki Itolewe Kwanza

Naona wengine mmeshaanza kutabasamu. Mnajua ninakoelekea. Tabasamuni tu, nitalisema tena: baiskeli ikianguka, itolewe kwanza foki, ule uma unaoshika gurudumu la mbele.

Mtu akianguka mashindanoni, anakagua nini? Rangi iliyochubuka! Anazungusha gurudumu, haligusi breki, basi kapanda, kaondoka. Akikumbuka foki, anatazama miguu miwili ya foki hiyo. Lile bomba lake la juu, linaloingia ndani ya shingo ya fremu na kubeba usukani, hulioni mpaka uichomoe foki yote.

Mwaka 2006, Paris–Roubaix, yale mashindano ya baiskeli ya Ufaransa yanayopita kwenye barabara za mawe. George Hincapie wa Marekani alianguka, akainuka, akaendelea. Baadaye, yuko na kundi la mbele, chini ni barabara ya mawe, bomba hilo likakatika. Lilikuwa la alumini. Hebu mfikirie: usukani anao mikononi, lakini haugeuzi chochote. Hana pa kuegemea, na breki ziko hukohuko kwenye usukani. Alishuka chini, bega likaumia. Na huyo alikuwa na mafundi nyuma yake ndani ya gari!

Mtaniambia yale ni mawe, nyinyi mnapita kwenye lami. Lami haizibi ufa. Alumini iliyopata ufa huendelea kupasuka kidogo kidogo kila unapovuta usukani kupanda mlima, na siku ya kukatika haikuletei taarifa. Kwa hiyo foki itoke, bomba lifutwe grisi, likaguliwe pale beringi ya chini inapokaa. Mstari mwembamba kama unywele unatosha. Tupa. Usimpe mdogo wako afanyie mazoezi.

Fremu sasa. Pitisha kidole chini ya bomba la chini, lile linaloshuka kutoka shingoni kwenda kwenye pedali, nyuma kidogo ya shingo. Ukigongana na kitu uso kwa uso, hapo ndipo panapojikunja; kidole hukuta kivimbe kabla ya jicho. Ya chuma, fundi mzuri anaweza kuinyoosha. Ya alumini, aachane nayo. Kaboni haipindi, inavunjika nyuzi kwa ndani huku rangi inang'aa. Igonge kwa sarafu, penye sauti butu pana mashaka.

Muda umekwisha? Haya, la mwisho: kishikio cha gia ya nyuma. Kikipinda kuelekea ndani, ukiweka gia nyepesi kabisa kile kifaa kinachohamisha mnyororo kinaingia kwenye spoku. Maswali. Na wa kwanza asiniulize kama foki ya alumini inanyooka.