Waulizeni Walipopotea

Waheshimiwa wazee wangu, na ninyi vijana mnaosubiri viza, neno langu mnalijua, na aliyelichoka anivumilie: anayerudi kutoka Ulaya asiulizwe amepata nini kabla hajaeleza yaliyomkwamisha, kwa sababu mji wa watu haufunguki kwa yale yaliyokwenda sawa.

Chukueni Jumapili ya Berlin. Maduka mengi ya Ujerumani hufungwa siku hiyo kwa sheria, na mtu aliyelelewa Ngamiani kule Tanga, ambako duka la jirani hufunguliwa ukipiga hodi, haamini mpaka asimame na njaa mbele ya komeo. Nilikuwa nikikaa Tegel, kitongoji cha Berlin. Sukari imekwisha, mkate umekwisha. Nikaambiwa kwamba maduka ya kwenye stesheni kubwa huuza hata Jumapili, basi nikapanda treni ya chini ya ardhi, njia ya U6, kuelekea stesheni ya Friedrichstraße. Tulipofika kituo cha Rehberge treni ikagoma, likatolewa tangazo ambalo sikuambulia kitu, na abiria wote wakashuka wakinung'unika. Nikawafuata watu, watu wakatawanyika, nikabaki na kikapu kitupu katikati ya majumba ya makazi, na nilipoinua macho kutafuta jina la mahali nilipo, kibao cheupe chenye herufi nyeusi kilisomeka: Tangastraße.

Naam, Mtaa wa Tanga! Jirani zake ni Usambarastraße na Sansibarstraße. Nilicheka peke yangu mpaka bibi mmoja mwenye mbwa akavuka upande wa pili. Kicheko kilikatika nilipoanza kuuliza. Majina ya namna hiyo yalianza kutolewa pale mwaka 1899, nasi tukiwa koloni lao, na karibu na hapo mfanyabiashara wa wanyama Carl Hagenbeck alikusudia kujenga bustani ya kuonyesha wanyama na watu wa makoloni, mpango ambao Vita Kuu ya Kwanza iliuvunja. Mwaka 1939 barabara moja ya eneo hilo ikapewa jina la Carl Peters, mkoloni wa Kijerumani, yule yule ambaye wazee wetu walimwita Mkono wa Damu. Ubishi juu ya jina hilo ulidumu miaka mingi, hata mwaka 2024 kipande chake kimoja kikaitwa Maji-Maji-Allee, yaani Barabara ya Maji Maji.

Hapa kijana huninyooshea mkono: mwalimu, siku hizi simu ina ramani, hatupotei. Mwanangu, ramani hukupeleka ulikouliza, na mimi siku ile nilikuwa nimeuliza sukari.

Mzee mmoja naye aliwahi kunikemea kwamba msomi hasimulii njaa yake hadharani. Kwa heshima zote, ukimya huo ndio unaomfanya mdogo wetu afike Berlin Jumamosi usiku na begi la makoti, asiwe na hata kipande cha mkate cha kumfikisha Jumatatu, kwa sababu kaka yake alimtumia picha za minara tu.

Ya tiketi nayapitia mbio: vituo havina mageti, lakini tiketi ya karatasi usiyoigonga muhuri haihesabiwi, na mkaguzi, ambaye huenda amevaa kiraia, hutoza euro 60. Nilikusudia pia kumzungumzia Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, aliyefundisha Kiswahili Berlin tangu mwaka 1900, ambaye mwaka 1905 serikali ya Kijerumani ilimzuia asishuke na mkewe Mjerumani katika pwani aliyozaliwa. Lakini hilo linataka mhadhara wake peke yake, na mwenyekiti amekwisha kunionyesha saa mara mbili.