Wa Kwanza Kufika Tayari Yuko Pale

Nawashukuru kwa kunipa nafasi. Walionisikia siku zilizopita watanivumilia, maana nimekuja na lile lile, kwamba anayemwokoa majeruhi kwanza ni aliye karibu yake, na nitalirudia mpaka bajeti zibadilike.

Kila kikao cha huduma za dharura kabla ya hospitali huanza na magari: magari mangapi ya wagonjwa, ya aina gani, yenye mitambo gani ndani. Nami huuliza swali moja. Daraja likichukuliwa na maji, gari hilo litapita wapi? Mwili wa mtu mzima una damu kama lita 5 tu. Mshipa mkubwa wa paja ukikatika, anaweza kufa katika dakika chache. Gari lililo umbali wa saa 4 halina la kumfaa. Wa kumfaa ni yule aliye karibu yake wakati ule: mkewe, jirani, dereva wa pikipiki, mwalimu. Huyo ndiye mhudumu wa kwanza, tupende tusipende. Tulichobakiwa nacho ni kuamua kama tutamfundisha au tutamwacha abahatishe.

Niwape habari ya Hokudan, hata kama mmeshaisikia kwangu. Alfajiri ya tarehe 17 Januari 1995, tetemeko la ardhi liliipiga Kobe, nchini Japani, pamoja na maeneo ya jirani, na zaidi ya watu 6,400 wakapoteza maisha. Picha za Kobe mnazijua. Hokudan ulikuwa mji mdogo katika kisiwa cha Awaji, palipopita ufa wenyewe wa ardhi. Nyumba zililala chini wenyewe wakiwa bado usingizini, na watu wapatao 300 wakafukiwa. Waliowatoa ni majirani zao, pamoja na kikosi cha zimamoto cha watu wa kujitolea wa mji ule ule. Na hawakuchimba ovyo. Walijua bibi wa nyumba hii hulala chumba cha nyuma, watoto wa nyumba ile hulala upande wa barabarani, basi wakafukua pale pale. Hadi jioni ya siku hiyo hiyo, hapakuwa na mtu hata mmoja ambaye hajulikani alipo.

Fikirini jambo hilo. Ni kikosi gani kutoka mbali, chenye mbwa na mitambo ya kusikiliza chini ya kifusi, kingejua chumba anacholala bibi? Vikosi hivyo nawaheshimu waliomo, na kazi ipo ya kwao. Lakini hufika baada ya siku moja, mbili, wakati wengi wa kuokolewa wameshatolewa au wameshafariki. Hata Kobe kwenyewe, walio wengi kati ya waliotolewa hai walitolewa na jamaa na majirani. Halafu tunarudi kwenye vikao na kumwandika mwananchi katika safu ya wahanga peke yake, kana kwamba hana mikono.

Najua humu ndani kuna daktari anayesubiri kuniambia kwamba majirani watawaumiza watu. Nimeambiwa hivyo kila ninapozungumza, na nataka tumalizane leo. Ni kweli kwamba mtu aliyebanwa na ukuta kwa saa nyingi havutwi tu. Daktari Eric Bywaters na mwenzake walilieleza hilo London mwaka 1941, baada ya mabomu ya vita kuwaangushia watu nyumba. Majeruhi alitolewa kifusini akionekana hana hali mbaya, kisha figo zikashindwa kazi na akafa siku chache baadaye. Misuli iliyopondeka, ikiachiwa ghafla, humwaga madini ya potasiamu na taka nyingine katika damu. Moyo wenyewe unaweza kusimama. Kinga yake ni kumwekea maji ya mshipa mapema, ikiwezekana kabla uzito haujaondolewa. Sawa. Je, hilo halifundishiki? Sentensi moja inatosha: akiwa amebanwa saa nyingi, mwiteni kwanza mwenye dripu. Tukiwakataza watu wasiguse ndugu zao, watawagusa vile vile, bila kujua.

Na ushahidi upo. Kaskazini mwa Iraki na Kambodia, katika mashamba yaliyotegwa mabomu, ambako safari ya kwenda hospitali ilichukua saa nyingi, daktari wa Norwei Hans Husum na wenzake waliwaandaa wahudumu wa afya wa vijijini, nao wakawafundisha wanakijiji kwa maelfu. Walifundisha kufungua njia ya hewa, kuzuia damu, kumkinga majeruhi na baridi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2003: vifo vya majeruhi vilishuka kutoka asilimia 40 hadi karibu asilimia 15. Sijaona gari lolote lililofanya hivyo peke yake.

Lakini kufundisha nako kuna namna. Semina ya siku moja haitoshi; ujuzi wa mikono huanza kupotea ndani ya miezi michache usiporudiwa. Katika mafunzo yangu huwapa watu kitambaa, nawaambia wakandamize jeraha la mfano kwa dakika 10. Karibu wote huinua mkono kabla ya dakika 2, wachungulie kama damu imekoma. Kuchungulia huko huvuruga damu iliyokwisha kuganda, na inaanza kutoka upya. Hili mtu halijui kwa kusomewa slaidi. Hulijua anapoushika mkono wake mwenyewe ukitaka kuinuka.

Jingine ni mawasiliano, na hapa nitafupisha. Australia ilianza huduma ya madaktari wa ndege mwaka 1928, kwa juhudi za mchungaji John Flynn. Ndege ndizo zinazosifiwa. Mimi nasifu sanduku. Kuanzia mwaka 1942, masanduku ya dawa yaligawiwa katika makazi ya mbali, kila dawa na namba yake. Daktari alitaja namba kupitia redio, na mtu asiyesomea udaktari akafungua na kutoa dawa sahihi. Leo mtu ana simu mfukoni, lakini usiku wa manane hana namba ya kupiga ikapokelewa. Hilo latushinda nini?

Naona naonyeshwa saa. Basi haraka haraka: wanaosafirisha majeruhi wafundishwe namna ya kumlaza asiyejitambua, ubavu, ulimi usizibe koo. Kina mama wanaotokwa na damu baada ya kujifungua wamo katika hesabu hii hii, na asidi ya traneksamiki, dawa ya kupunguza kutoka damu, iwafikie ndani ya saa 3. Kumbukumbu za waliofia njiani ziandikwe, maana hospitali haiwahesabu wasioifikia. Helikopta nilikuwa na maneno yake, nayaacha.

Dakika zilizobaki nazihitaji kwa kazi. Kitambaa kiko hapa mezani, na jeraha la mfano liko hapa. Daktari uliyetaka kuniuliza swali, njoo mbele, na wewe dada uliyeko mlangoni. Dakika 10, bila kuchungulia. Nani anaanza?