Jani Kwanza, Ua Baadaye

Habari za jioni, wazee wangu, kina mama, na nyie vijana mliosimama mlangoni. Viti vipo huku mbele, havina wenyewe.

Nimeombwa nizungumzie bustani ya nyumbani. Naona wengi mmekuja na picha za maua kwenye simu. Ziwekeni kidogo. Ua hukaa siku zake likapukutika, jani utalitazama mwaka mzima. Tena hapa Tanga, ikweta si mbali, jua la saa sita likiwa utosini rangi zote hupauka. Kinachobaki machoni ni jani lenyewe: pana au jembamba, nene au teketeke, la kung'aa au lenye vinyweleo. Hata bogenvilia anayetamba juu ya kuta zetu anatuzuga. Ile zambarau yote mnayoisifia ni majani. Maua yenyewe ni vile vijiua vyeupe vitatu vilivyojificha katikati. Kachungulieni mkifika nyumbani.

Sasa tuingie uani. Jani pana huvuta jicho, likaonekana liko karibu. Jani dogodogo hulegeza jicho, likaonekana liko mbali. Mwenye ua mdogo, na wengi wetu ndio hao, akipanda magimbi karibu na baraza, na kule ukutani akaweka majani madogomadogo, ua wake utaonekana mrefu kuliko ulivyo. Sisi tunafanya kinyume: mgomba tunaupeleka nyuma kabisa, ukuta wote unatujia usoni. Sababu naijua, maji ya bafuni yanatokea huko. (Kicheko.) Basi mgomba ubaki na maji yake, lakini barazani napo pawe na jani pana la kushindana nao.

Na tukiwa bado kwenye mgomba: jani lake likichanika msidhani limeharibika. Linachanika kwa kufuata mistari yake, upepo unapita, mti unabaki umesimama. Ila kwa macho ya mpanga bustani, jani pana limeshakuwa matamvua, kazi yake imebadilika. Anayelitaka zima aupande mahali penye ukuta wa kukinga kusi. Magimbi hayana tabu hiyo sana, na yana uzuri wake wakati wa mvua: uso wa jani una vijinundu vya nta visivyoonekana kwa macho, maji hayalowani, yanakusanyika kuwa matone na kuteleza. Watoto watacheza nayo asubuhi nzima.

Kwa majani membamba tuna utajiri. Ukoka, mchaichai, mkindu. Mvinje nao ni mzuri ajabu. Vile vijisindano ni vitawi, jani ni gamba dogo sana kwenye kila pingili. Lakini ule ni mti mkubwa, tuuachie ufukwe. Mnyaa unafanya uzio mzuri wa vijiti vijiti, ila utomvu wake ukiingia jichoni ni hatari, kwa hiyo nyumba yenye watoto wadogo mimi siushauri.

Kitu ambacho nadhani hatukipi uzito ni mng'ao. Jani linaloteleza hurudisha mwanga, jani lenye vinyweleo huutuliza. Mnaujua ule mmea wa maofisini, zamiokulkasi, wenye vijani vinene utadhani vimepakwa mafuta? Asili yake ni huku kwetu, toka Kenya kushuka hadi Afrika Kusini, na Zanzibar imo. Waholanzi walianza kuuzalisha kibiashara mwaka 1996, leo umejaa duniani, na sisi tunaununua kama mgeni. Uwekeni kwenye kona yenye giza, ule mng'ao utaiamsha kona. Ukiuweka juani unapoteza bure, na majani yataungua.

Upande wa pili liko ua la Usambara, jani lake la mahameli. Mwaka 1892 Baron Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Kijerumani aliyekuwa hapahapa Tanga, aliupeleka mmea huu kwa baba yake Ujerumani, na mwaka uliofuata Hermann Wendland, mtaalamu wa mimea, akaupa jina la kisayansi kutokana na jina lao. Kwao ni msituni, kivulini, penye unyevu. Jani lile halitaki kumwagiwa maji baridi, litapata mabaka, mwagilieni udongo. Na ni la kuwekwa karibu na mkono wa mtu, maana hatua tatu tu mbali vinyweleo havionekani tena.

Sasa tuje kwenye kuyapanga majani haya pamoja. Mbrazili Roberto Burle Marx alikwenda Berlin mwaka 1928 akiwa kijana, na ni kwenye nyumba za vioo za bustani ya mimea ya Dahlem, mjini humo, ndiko alikoiona mimea ya kwao kwa jicho jipya. Alipokuja kuwa mtengeneza bustani maarufu alipanda jani la namna moja kwa wingi, kando yake jingine kwa wingi. Sisi hatuhitaji nauli ya Berlin, bustani ya mimea ya Amani iko hapo juu milimani tangu 1902. Ila ule wingi wake ndio ninaowaombea muuchukue. Tukienda kwa wauza miche tunachukua kiriba kimoja cha kila aina, tukipanda ua unafanana na kitalu, kila mmea unapiga kelele zake. Chukueni aina tatu, nne zikizidi. Ile ya majani madogo iwe nyingi kabisa, itandaze. Ya jani pana iwe michache.

Na mmea mmoja wa kusimamisha jicho. Kwa Tanga mimi ningeweka mkonge. Ulifika hapa mwaka 1893 kwa mkono wa Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, miche 1,000 kutoka Florida, 62 tu ikapona, na mashamba yote yale yakatokana nayo. Tumeuzoea shambani kwenye mistari, lakini ukisimama peke yake katikati ya ukoka, jua la jioni likiupiga ubavuni, kila jani linajichora. Msiupande kando ya njia, na zile ncha zikateni kwa mkasi, ziko usawa wa macho ya mtoto.

Ndiyo mama, nimekuona umenyoosha mkono kitambo. Swali lako?