Kutoka Zahanati Hadi Bajeti ya Kaunti: Jinsi ya Kumfikishia Mwakilishi Wadi Ombi la Afya

Karibuni, wenzangu. Video hii nimewatengenezea wauguzi, wakunga, maafisa wa kliniki, wafamasia na watu wa maabara, hasa mlioko hapa Kisumu na kaunti jirani. Mnajua vizuri kinachokosekana kazini, ila hamjui ubishe mlango upi ili kipatikane. Leo tutalifuata ombi moja tu, kutoka zahanati hadi kwenye kitabu cha bajeti. Chukua kalamu na karatasi.

Mfano wetu ni huu. Tuseme uko kwenye zahanati moja huko Kabonyo/Kanyagwal, Nyando, upande ambao mvua ya masika ikizidi mto hufurika na stima hupotea. Akina mama wanajifungua hapo usiku na mchana. Oksitosini, dawa tunayomdunga mama ili asivuje damu baada ya kujifungua, inatakiwa kukaa kwenye nyuzi 2 hadi 8. Ikikaa kwenye joto la hapa uwanda wa Kano kwa siku kadhaa inapoteza nguvu, na ukiitazama huwezi kujua. Unamdunga mama, unangoja tumbo la uzazi likaze, halikazi. Kuvuja damu ndiko kunakoongoza kwa kuua akina mama wazazi duniani, na mama anaweza kututoka ndani ya saa chache, gari la rufaa likiwa bado linatafuta njia kwenye matope. Kwa hiyo ombi letu ni friji moja ya sola.

Hatua ya kwanza: jua jambo lako liko mikononi mwa nani. Katiba ya Kenya ya 2010, Jedwali la Nne, imeipa kaunti zahanati, vituo vya afya na hospitali za kaunti. Serikali kuu ina sera za afya na hospitali kuu za rufaa. Wengi wetu tunaanza kwa mbunge kwa sababu ndiye tunayemwona mazishini na kwenye harambee. Lakini sheria ya 2015 ya NG-CDF, mfuko wa maendeleo wa eneo bunge, iliufunga mfuko huo kwenye kazi za serikali kuu, kwa hiyo hata mbunge mwenye moyo mwema atakurudisha ulikotoka. Kama jambo lako ni sheria yenyewe, mathalani Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya 2023 iliyotuletea SHA, mamlaka ya bima ya afya, hapo ndipo unamwendea mbunge na seneta. Friji ya zahanati ni ya Bunge la Kaunti. Kisumu ina wadi 35. Wa kwanza kumtafuta ni mwakilishi wa wadi ambamo zahanati imo, yule tunayemwita MCA. Wa pili ni mwenyekiti wa Kamati ya Afya ya bunge hilo.

Kabla hujatoka nje ya kituo, mweleze mkuu wako na afisa wa afya wa kaunti ndogo, kwa barua. Barua hiyo ibaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Tutaihitaji mbele. Uliza pia kama kamati ya kituo inaweza kuinunua friji kutokana na mapato ya kituo, maana sheria ya 2023 kuhusu fedha za vituo vya afya inataka pesa zinazokusanywa na kituo zibaki hapo. Zahanati ndogo haikusanyi nyingi, lakini hilo ndilo swali la kwanza utakaloulizwa, afadhali uwe na jibu.

Hatua ya pili ni kalenda, na hapa naomba tukae. Simamisha video uandike tarehe hizi, zinatoka kwenye Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012. Kufikia tarehe 1 Septemba, Mpango wa Maendeleo wa Mwaka unafikishwa Bunge la Kaunti. Kufikia 28 Februari inafika karatasi ya mkakati wa fedha, ile inayosema kila idara isizidi kiasi gani. Kufikia 30 Aprili yanaletwa makadirio ya bajeti. Kufikia 30 Juni yawe yamepitishwa, na tarehe 1 Julai mwaka mpya wa fedha unaanza.

Sasa tazama sisi huwa tunalia lini. Tunalia Julai na Agosti, dawa zikiisha na barua za ajira zisipokuja. Wakati huo pesa zimeshagawanywa. Karatasi ya Februari ikishapita, idara ya afya imewekewa dari, na kila utakachoomba kitabidi kimnyang'anye mwenzako wa idara hiyo hiyo. Mtu wa barabara analijua hili. Mwanakandarasi analijua. Sisi tunaokesha leba hatujawahi kufundishwa chuoni, na inaniuma, kwa sababu wanaolipa gharama ya kuchelewa kwetu ni akina mama. Panga hivi: Agosti friji iingizwe kwenye Mpango wa Maendeleo, Januari uonane na MCA, Mei uwe kwenye kikao cha maoni ya umma. Kifungu cha 196 cha Katiba kinalilazimu Bunge la Kaunti kuwashirikisha wananchi, na matangazo ya vikao hivyo hutoka magazetini na kwa chifu. Vikao huwa siku za kazi, kwa hiyo pangeni zamu mapema ili angalau mmoja wenu awe huru kwenda.

Hatua ya tatu: andaa ukurasa mmoja. Mmoja tu. Hesabu unazohitaji tayari unazijaza kila siku. Fungua rejista ya uzazi, MOH 333, uandike ni akina mama wangapi wamejifungulia kwako miezi 12 iliyopita, na wangapi walipewa rufaa kwa kuvuja damu. Kisha chukua chati ya joto la friji ya stima mliyo nayo sasa, ile tunayoijaza asubuhi na jioni, uhesabu siku ambazo joto lilipita nyuzi 8. Nambari hizo tatu ziandike kwa herufi kubwa juu ya ukurasa. Chini yake weka bei ya friji kutoka kwa wauzaji watatu, pamoja na gharama ya kuifunga na kuitunza. Malizia kwa sentensi moja inayosema unataka nini, kiwekwe mwaka upi wa fedha, kwenye zahanati gani.

Usiweke jina la mgonjwa. Usiweke picha yake, wala kisa ambacho jirani akikisoma atajua ni nani. Kiapo chetu kinakataza, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakataza vilevile.

Hatua ya nne, mkutano. MCA ana ofisi ya wadi. Piga simu, omba dakika kumi na tano, na usiende peke yako. Nenda na mtu wa kamati ya kituo, mhamasishaji wa afya ya jamii, na mama mmoja aliyejifungulia hapo ambaye amekubali kwa hiari yake kusema. Wewe una rejista, yeye ana kura na majirani. Mnaingia, mnaamkuana, halafu unasema hivi:

"Mheshimiwa, asante kwa kutupokea. Mimi ni muuguzi katika zahanati ya wadi yako. Mwaka uliopita akina mama kadhaa, idadi hii hapa, wamejifungulia kwetu. Kwa siku hizi hapa, dawa ya kuzuia damu ilikaa kwenye joto. Tunakuomba utusaidie kuweka friji ya sola kwenye bajeti ya mwaka ujao. Bei ni hii."

Kisha nyamaza umsikilize. Kuna jibu ambalo karibu kila MCA hutoa: pesa hazipo. Jibu hilo lina uzito wa sheria. Bunge la Kaunti likitaka kuongeza matumizi mahali pamoja, lazima lipunguze pengine kiasi hicho hicho. Kwa hiyo nenda umeshasoma makadirio ya idara ya afya, na uwe na pendekezo la heshima: "Mheshimiwa, kuna fungu la samani za ofisi hapa. Je, sehemu yake haiwezi kusogezwa?" Ukija na hilo, mazungumzo yanabadilika, kwa sababu sasa anakuona mtu wa kufanya naye kazi. Na kama ombi lako ni la kuajiri wauguzi, ujue utatajiwa kanuni za 2015 zinazotaka mishahara isipite asilimia 35 ya mapato ya kaunti. Taja basi idadi ya waliostaafu au kuhama na nafasi zao hazijajazwa.

Jambo lingine la kushika sana: wewe ni mtumishi wa umma. Usivae rangi za chama, usipige picha ukiinua ishara ya mgombea, usiahidi kura. Masuala ya mishahara na mikataba waachie chama cha wafanyakazi, wao wana mamlaka ya kuketi mezani na mwajiri. Ukichanganya friji na marupurupu kwenye kikao kimoja, mheshimiwa atabaki akikumbuka marupurupu.

Hatua ya tano. Usiku huo huo mtumie ujumbe wa shukrani wenye kile alichoahidi, kwa maneno yake. Kama wiki zinapita bila jibu, Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 15, inampa kila mtu haki ya kupeleka ombi rasmi Bunge la Kaunti. Liandike kwa lugha ya adabu, ulielekeze kwa Karani wa Bunge, ueleze ulishajaribu ofisi zipi na zilijibu nini (ile barua yenye muhuri unaiambatisha hapa), useme kama jambo liko mahakamani au haliko, umalizie kwa kile unachoomba bunge lifanye. Majina, nambari za vitambulisho na sahihi zifuate. Wazazi wa kijiji wakitia sahihi pamoja nanyi, ni bora zaidi.

Hatua ya mwisho, fuatilia. Bajeti ikipita, omba nakala utafute jina la zahanati yako. Ukilikuta, kazi haijaisha: pesa zilizoandikwa na pesa zilizotumika ni vitu viwili. Kila baada ya miezi mitatu muulize afisa wa kaunti ndogo ununuzi umefika wapi. Friji ikifungwa, mwalike MCA aione na umshukuru mbele ya watu wake, kwa sababu utamhitaji tena. Usipolikuta jina, uliza kama kutakuwa na bajeti ya nyongeza, na mwezi wa Agosti upeleke ukurasa wako tena idara ya afya ukiwa na hesabu mpya, kabla ya tarehe 1 Septemba.