HER2 Inapotelea Kwenye Kopo

Ndugu zangu wauguzi, madaktari wa upasuaji na watu wa maabara, HER2, ile protini tunayoipima kwenye saratani ya matiti, mnaijua, kwa hiyo hapo sitakaa. Jeni yake iko kwenye kromosomu ya 17, seli ya kawaida ina nakala 2, na protini yake hukaa kwenye utando wa seli ikipeleka ndani ishara ya kukua. Katika saratani za matiti 15 hadi 20 kati ya kila 100, nakala hizo huongezeka mno, na protini zilizokuwa maelfu hufika hata milioni 2 kwenye seli moja. Mwaka 1987 Dennis Slamon, daktari wa saratani wa Marekani, na wenzake walionyesha kwamba wanawake wenye saratani hizo ugonjwa huwarudia mapema zaidi. Mwaka 1998 Marekani ikaidhinisha trastuzumab, dawa inayoing'ang'ania protini hiyo hiyo.

Lakini dawa hiyo hapewi mwanamke ambaye jibu lake limesema hana HER2. Na jibu hilo huharibika kabla sampuli haijagusa meza ya maabara. Hapo ndipo tutakapokaa leo, na mliokwisha kunisikia nikilisema mnivumilie.

Titi likishatolewa, damu imekatika na protini zinaanza kuoza. Sampuli iingie kwenye formalini, maji ya dawa ya kuzuia tishu isioze, ndani ya saa 1. Isisubiri mshono wa mwisho, wala isisubiri ndugu wa mgonjwa atumwe kununua kopo. Kopo liwe tayari kabla kisu hakijashikwa, tena la mdomo mpana, kwa sababu tishu ikishakakamaa kwa formalini haipiti kwenye shingo nyembamba bila kupondwa.

Formalini yenyewe, kwa lita 1: mililita 100 za formaldehaidi ya asilimia 37 hadi 40, mililita 900 za maji yaliyokenekwa, gramu 4 za sodiamu dihaidrojeni fosfeti na gramu 6.5 za disodiamu haidrojeni fosfeti. Wapo wanaoziacha hizo chumvi kwa kuona ni mapambo. Bila hizo formalini ikikaa hugeuka tindikali, na tishu inaharibika.

Ujazo uwe mara 10 ya tishu. Ninachokikuta ni titi zima limeshindiliwa kwenye kopo, formalini imefunika juu tu. Formalini hupenya kama milimita 1 kwa saa. Ukilikata kesho yake, pembeni pamekakamaa na kuwa kijivu. Katikati, penye uvimbe wenyewe, bado pekundu na panateleza. Pameoza hapo. Kwa hiyo titi likatwe mapema, vipande vya milimita 5 hadi 10, na kati ya kipande na kipande iwekwe shashi ili formalini ipite. Daktari wa upasuaji atasema, "Mtanipotezea kingo zangu," yaani mipaka ya alipokata. Hazipotei: funga nyuzi za kuonyesha pande, maabara ipake wino kwanza, ndipo ikate.

Mwingine atasema kipande kilichochukuliwa kwa sindano ni chembamba kama uzi, saa 1 kinatosha. Hakitoshi! Formalini huingia upesi lakini hushika protini polepole. Ukikitoa mapema, alkoholi ya kwenye mashine ya kuandaa tishu ndiyo itakayomalizia kazi, na rangi ya kipimo cha HER2 kwenye utando wa seli itakudanganya. Chini kabisa ni saa 6, juu kabisa ni 72. Sasa hesabuni: sampuli ya Ijumaa saa tisa alasiri inafika kikomo Jumatatu saa tisa alasiri. Jumatatu ikiwa sikukuu, imekwisha. Maabara na chumba cha upasuaji wapangane, wagonjwa wa matiti wasiwekwe Ijumaa.

Najua linalofuata: "Tupime ya nini na dawa yenyewe ni ghali?" Trastuzumab imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2015, na zipo zinazofanana nayo za bei nafuu zaidi. Mgonjwa asiyeipata leo huenda akaipata mwakani, na bloku yake, yaani tishu iliyogandishwa ndani ya nta, itakuwa bado kabatini ikisubiri kupimwa. Ila bloku iliyotokana na tishu iliyooza, hakuna mashine itakayoirudisha.

Muda umenibana, niyapitishe haraka. Majibu ya kipimo hicho cha rangi ni 0, 1+, 2+ na 3+. 3+ ni rangi nzito inayozunguka utando wote, kwenye zaidi ya asilimia 10 ya seli za saratani. 2+ si jibu la kumpa mgonjwa. Inakwenda kuhesabiwa nakala za jeni. Moyo upimwe kwa ekokadiografia, kipimo cha moyo cha mawimbi ya sauti, kabla ya dozi ya kwanza ya trastuzumab, na kila miezi 3 baadaye, hasa kwa aliyekwisha kupewa doksorubisini, dawa nyingine ya saratani, maana trastuzumab hudhoofisha msuli wa moyo.

Karibuni maswali. Na mwenye fomu ya maabara ya hospitali yake aitoe, tuangalie kama ina nafasi mbili: saa tishu ilipotolewa, na saa ilipoingia kwenye formalini.